Waya Mwekundu: Muziki, Moto na Fyuzi Ndani ya Matatu

Gari lililotumika Japani likishushwa bandarini Mombasa huja na redio ambayo karibu haina kazi. Kwa miongo mingi stesheni za FM za Japani zilipangwa kati ya megahezi 76 na 90, ilhali za Kenya huanzia 88 na kufika 108. Mwenye gari anayezungusha kitufe kutafuta habari za saa moja hupata kipande kidogo cha mawimbi, kisha ukimya. Wako wanaofungiwa kifaa cha kuhamisha mawimbi. Wengine hulipeleka gari kwa fundi, redio ya Kijapani ikang'olewa na nyingine ikawekwa, na hapo ndipo koleo hukata waya wa kiwandani kwa mara ya kwanza.

Kuukata ni kazi ya dakika moja. Soketi ya plastiki iliyoundwa ili isichomekwe kinyume hutupwa. Nyaya huambuliwa ngozi, husokotwa mbili mbili, kisha hufungwa tepu nyeusi. Wa njano ndio wa umeme wa kudumu kutoka kwenye betri, mwekundu ni wa swichi, mweusi ni wa bodi, na wa bluu wenye mstari mweupe ndio unaoiamsha amplifaya redio inapowashwa. Tangu uagizaji wa magari yaliyotumika ulipolegezwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, rangi hizo nne zimekuwa somo la kwanza la mwanagenzi yeyote wa umeme wa magari, awe Kirinyaga Road mjini Nairobi au Kariakoo, Dar es Salaam.

Kutoka redio hadi amplifaya ni hatua fupi, lakini hatua hiyo hubadilisha kila kitu. Amplifaya haishibi kwa nyaya nyembamba zilizo nyuma ya dashibodi. Inataka waya wake yenyewe, mnene, mara nyingi mwekundu, utokao moja kwa moja kwenye betri, upenye ukuta wa injini, upite chini ya zulia na kufika nyuma ya gari. Watu husimulia muziki wa magari kwa ukubwa wa spika na majina ya madijei. Anayeufuata waya huo mwekundu hukuta historia nyingine: kila mara sauti ilitangulia, na kinga ikaja nyuma yake, mara nyingi baada ya kitu kuungua.

Kinga yenyewe ni ya kale kuliko gari. Mwaka 1847 Mfaransa Louis Breguet, mtengenezaji wa saa na mitambo ya telegrafu, alishauri kwamba kabla ya waya wa telegrafu kuingia ofisini uwekewe kipande chembamba, ili radi ikipiga, kipande hicho kiyeyuke, mitambo na karani wake wasalimike. Thomas Edison akapata hataza ya fyuzi mwaka 1890, wakati taa za umeme zilipokuwa zikiingia majumbani. Wazo ni lilelile hadi leo: fundi hutengeneza mahali pamoja dhaifu kwa makusudi, moto ukija uishie hapo.

Redio ya gari ilianza bila kulizingatia hilo vya kutosha. Mwaka 1930 Paul Galvin, mwenye karakana ndogo ya vifaa vya redio mjini Chicago, alihitaji mkopo. Ili kumvutia mwenye benki, aliagiza mafundi wake wafunge redio katika gari la mwenye benki huyo, aina ya Packard. Kisa kinachosimuliwa tangu wakati huo ni kwamba nusu saa baada ya kufungwa redio hiyo, Packard iliwaka moto, na mkopo haukupatikana. Galvin hakukata tamaa. Alifunga redio katika gari lake mwenyewe, akaendesha hadi Atlantic City ambako watengenezaji wa redio walikuwa na mkutano wao, na kwa kuwa hakuwa na fedha za kukodi kibanda, akaegesha nje na kuongeza sauti. Akarudi na oda. Redio hiyo aliipa jina Motorola, na baadaye kampuni yote ikalichukua.

Redio za aina hiyo zilitumia valvu, na valvu zilitaka umeme wa volti zaidi ya mia moja ambao betri ya gari ya volti 6 haikuwa nao. Mwanzoni zilichukuliwa betri za ziada, zikafichwa chini ya sakafu. Kisha katika miaka ya 1930 kikaja kifaa kilichotetema ndani ya kopo la bati, kikikata na kuunga umeme mara nyingi kwa sekunde ili transfoma iweze kuupandisha. Kifaa hicho kikikwama, mkondo wote wa betri ulipita bila kukatika. Kwa sababu hiyo waya wa redio ukaanza kuwekewa fyuzi yake yenyewe, ndani ya kijumba kidogo kilichoning'inia njiani, tofauti na fyuzi za taa na honi. Kijumba hicho kinachoning'inia ndicho babu wa fyuzi za amplifaya zote zilizofuata.

Afrika Mashariki ya ukoloni ilijaa magari ya Kiingereza: Austin, Morris, Land Rover. Umeme wake ulikuwa wa Lucas, na kwa fundi wa leo ungekuwa wa kushangaza, maana hadi katika miaka ya 1960 mengi yalikuwa yamefungwa kinyume na desturi ya sasa: upande chanya wa betri ndio uliokuwa umeunganishwa na bodi. Redio za valvu nyingi zilistahimili. Zilipokuja za transista, kukosea upande kuliziua mara moja, ndiyo maana redio za kipindi hicho zilikuwa na swichi au plagi ya kugeuza upande, na fundi aliyesahau kuitazama aliilipia.

Tatizo lililojificha zaidi lilikuwa katika kijikopo cha fyuzi. Fyuzi ya kioo ya Lucas iliyoandikwa 35 ilimaanisha kwamba itakatika ampea zikifika 35. Kwa kazi ya siku nzima ilikusudiwa kubeba 17 hivi. Fyuzi ya Kimarekani iliyoandikwa namba hiyohiyo ilimaanisha kwamba inaweza kuzibeba ampea 35 bila kukatika. Zote mbili ni vikopo vya kioo vyenye vichwa vya chuma, na huingia mahali pamoja. Aliyetoa ya Mwingereza na kuweka ya Mmarekani, akiamini amefuata namba, alikuwa ameupa waya mzigo mara mbili ya ule uliokusudiwa na waliolibuni gari. Hakuna aliyedanganya wala aliyezembea hapo, na bado waya ungeweza kuchemka.

Wamarekani walikuwa na dawa nzuri ya hilo, na ni masikitiko kwamba iliachwa. Fyuzi zao za kioo za magari, zenye alama SFE, zilitofautiana urefu kulingana na nguvu: ya ampea 4 ilikuwa fupi, ya 9 ndefu kidogo, ya 20 ndefu zaidi, hadi ya 30 iliyozizidi zote. Tundu la ampea 9 halikuweza kupokea fyuzi ya 20. Mtu angeweza kuwa na haraka, asiwe na mwanga, asijue kusoma, na chuma chenyewe kingemkatalia.

Mwaka 1976 kampuni ya Littelfuse ya Illinois, iliyoanzishwa na Edward Sundt mwaka 1927 kwa fyuzi ndogo za kulinda mita za vipimo, ilileta fyuzi bapa ya plastiki yenye miguu miwili. Ndiyo iliyoenea duniani kote. Ilikuwa bora karibu katika kila jambo. Haivunjiki kama kioo, hailegei kwa mtikisiko, huonekana imekatika bila kung'olewa, na rangi yake hutaja nguvu yake: nyekundu ni 10, bluu ni 15, njano ni 20, kijani ni 30. Ila zote zina ukubwa mmoja. Ya 30 huingia mahali pa 10 bila kulazimishwa. Ulinzi uliokuwa katika umbo la chuma ukahamia katika uaminifu wa mkono wa binadamu, na mkono huo, gari linapokwama njiani saa mbili usiku na abiria wanapiga kelele, huchukua fyuzi yoyote iliyopo. Ikikosekana kabisa huchukua karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, au unyuzi wa waya.

Kuna jambo ambalo hata wenye magari wa miaka mingi hulikosea, na lisiposemwa wazi mengine yote hayaeleweki. Fyuzi iliyo karibu na betri haipo kwa ajili ya kuilinda redio wala amplifaya. Ipo kwa ajili ya waya. Amplifaya nyingi zina fyuzi zake zenyewe ubavuni, na hizo ndizo zinazoilinda. Waya mwekundu, katika mita zake nne au tano, hupita juu ya kingo za bati, chini ya reli za viti na karibu na bomba la joto. Ukijeruhiwa popote na shaba ikagusa bodi, betri ya asidi hutoa ampea mia kadhaa, hata zaidi ya elfu, kwa wakati mmoja. Waya huwa mwekundu kwa maana halisi, na zulia lililo juu yake ndilo la kwanza kushika moto. Fyuzi ya ubavuni mwa amplifaya haioni lolote, kwa sababu shoti imetokea kabla yake.

Kwa hiyo swali la zamani la ukubwa wa fyuzi linaambatana na swali la pili: fyuzi iko wapi? Sehemu ya waya iliyo kati ya betri na fyuzi haina mlinzi hata kidogo. Jibu lilitolewa Marekani katika miaka ya 1980, na chanzo chake kilikuwa mashindano.

Kabla ya mashindano palikuwepo na mashine. Mwaka 1973 Jim Fosgate, fundi wa Arizona, alitoa amplifaya ya gari aliyoiita PR-7000. Kwa volti 12 tu na spika ya omu 4, redio ya kawaida haiwezi kutoa zaidi ya wati chache za kweli. Hata ikiungwa kwa namna bora haipiti 20 hivi kwa spika moja. Ili kuvuka mpaka huo, amplifaya ya nje huwa na sehemu inayopandisha volti kwanza, kisha ndipo ikuze sauti. Volti zikipanda upande mmoja, ampea huongezeka upande wa betri. Hesabu haina huruma: amplifaya ya mtindo wa zamani yenye wati 1,000 hupoteza karibu nusu ya umeme kama joto, hivyo huvuta wati 2,000, na kwa volti 13.8 hizo ni ampea 145. Mkondo kama huo katika gari dogo huonekana stata inapozungusha injini, kwa sekunde mbili au tatu. Ni kweli kwamba muziki hauna nguvu moja muda wote. Wastani wake huwa theluthi au chini ya hapo. Lakini besi inapopiga, waya hupokea kipigo chote.

Vijana wa Kimarekani walipoanza kushindanisha magari yao kwa sauti, walikutana na moto wa mara kwa mara na betri zilizokufa. Mashirika ya mashindano, likiwamo IASCA lililoundwa mwaka 1989, hayakutoa alama kwa sauti peke yake. Waamuzi walifungua boneti na kutazama waya. Hapo ndipo ilipoimarika kanuni ya inchi 18: fyuzi kuu isiwe mbali na betri zaidi ya umbali huo, sentimita 45 hivi za waya. Ilidaiwa pia waya upitapo katika bati uvalishwe mpira, ufungwe usicheze, na waya wa bodi uwe mnene sawa na ule mwekundu, kwa maana umeme wote unaokwenda lazima urudi.

Fyuzi zenyewe zilibidi zikue. Kwanza zilitumika za kioo nene kama kidole, ambazo vichwa vyake vililegea na kupata moto. Baadaye zikachukuliwa fyuzi bapa za kufungwa kwa nati, aina ya ANL, ambazo jamaa zake zilikuwa zikilinda magari ya umeme ya kunyanyulia mizigo ghalani. Ndizo zinazoonekana leo katika maduka ya Luthuli Avenue, Nairobi, ndani ya kijumba cha plastiki angavu.

Nairobi ilifika kwenye jambo hili kwa njia yake yenyewe. Mwaka 1973, mwaka uleule wa amplifaya ya Fosgate, Rais Jomo Kenyatta alitangaza kwamba matatu zingeweza kubeba abiria bila leseni ya Bodi ya Leseni za Usafiri. Biashara iliyokuwa ya kujificha ikafurika barabarani. Mwanahistoria Kenda Mutongi, katika kitabu chake cha 2017 kuhusu matatu za Nairobi, ameonyesha jinsi ilivyojengwa na wananchi wenyewe bila misaada ya nje. Ushindani ulikuwa wa kila dakika kituoni: magari mawili, nauli moja, njia moja. Kilichomvuta abiria apande hili na kuliacha lile kilikuwa muziki.

Katika enzi ya kaseti muziki huo ulikuwa na uzito hata wa kisiasa. Redio ilikuwa ya serikali peke yake; matatu ndiyo iliyokuwa na uhuru wa kuchagua wimbo. Mwaka 1990, baada ya vibanda vya Muoroto, Nairobi, kubomolewa na joto la madai ya vyama vingi kupanda, kaseti za nyimbo zilizogusa mambo hayo ziliuzwa na kupigwa ndani ya matatu, na polisi wakawakamata wauzaji wake. Stesheni binafsi za FM zilianza mwaka 1996. Kufikia wakati huo vijana walikwisha kuwa na jina la gari lililopambwa na lenye sauti nzito: manyanga. Kizazi kilichofuata kikaliita nganya.

Miongoni mwa manyanga hizo zilikuwamo Toyota HiAce za abiria 14, ambazo Wakenya kwa mazoea waliziita Nissan. Gari la aina hiyo lilitoka kiwandani na altaneta ya kulisha taa, wipa na redio ndogo. Mafundi wa jua kali waliongeza spika chini ya viti, sabufa nyuma, taa za buluu darini na baadaye runinga. Hakuna chuo kilichofundisha kazi hii. Mwanagenzi alijifunza kwa kushika tochi huku fundi amelala chali chini ya kiti, akatumwa Luthuli Avenue kuleta mita mbili za waya, akarudi na kuambiwa ameleta mwembamba. Anayeidharau elimu hiyo hajajaribu kufuatilia waya mmoja uliokatika kati ya thelathini, usiku, katika gari linalotakiwa kituoni alfajiri.

Lakini elimu ya namna hiyo ina pengo moja. Mwanagenzi hurithi alichokiona kikifanya kazi, na waya usio na fyuzi hufanya kazi vizuri kabisa. Unaweza kufanya kazi miaka mitano. Kuunga dairekti, kama mafundi wanavyosema, hakuna dalili, hakuna harufu, mteja anafurahi na hulipa pungufu kwa kuwa fyuzi na kijumba chake havikununuliwa. Kosa hujitokeza siku ambayo reli ya kiti imesuguana na waya kwa mara ya elfu kumi, na siku hiyo fundi aliyeufunga hayupo. Katika HiAce hizo injini iko chini ya viti vya mbele, kwa hiyo nyaya za joto la juu na miguu ya abiria vimetenganishwa na bati na zulia tu. Watu 14 wana mlango mmoja wa kutelezesha ubavuni. Haya ndiyo yanayoifanya sentimita 45 kuwa jambo la uhai.

Serikali ilitazama kwingine. Kanuni za Waziri John Michuki, zilizoanza kutekelezwa Februari 2004, zilileta mikanda, vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa na mstari wa manjano uliofunika michoro. Zilikuwa kanuni nzuri, na wengi wako hai kwa sababu yake. Kanuni za kelele za mwaka 2009 zilihusu sauti inayomfikia jirani. Ampea zinazopita chini ya kiti hazikuwa na waziri. Michoro iliporuhusiwa tena na Rais Uhuru Kenyatta mwishoni mwa 2014, nganya zilirudi na nguvu mpya. Safari hii nyingi hazikuwa HiAce bali magari makubwa zaidi.

Mabadiliko haya ya ukubwa yalileta tatizo la umeme ambalo wapangaji wa usafiri hawakulifikiria. Mwaka 2010 serikali ilikuwa imetangaza nia ya kuziondoa polepole matatu za abiria 14 na kuhimiza magari makubwa. Wawekezaji wakanunua basi za viti 33, nyingi zikijengwa juu ya chasisi za lori jepesi la Isuzu. HiAce ilikuwa ya volti 12. Lori la dizeli la Kijapani lina betri mbili za volti 12 zilizofuatana, jumla volti 24. Amplifaya, redio na skrini zilizojaa Luthuli Avenue zote ni za volti 12.

Njia rahisi iligunduliwa na kila fundi peke yake: vuta waya kutoka katikati, kwenye kiungo cha betri mbili, ambapo kuna volti 12 kamili. Muziki unapiga mara moja. Kinachotokea baadaye ni cha taratibu. Altaneta ya volti 24 huzijaza betri zote mbili kwa mkondo mmoja, lakini betri ya chini, iliyo upande wa bodi, inatumiwa na muziki na ya juu haitumiwi. Ya chini hubaki na njaa siku zote. Ya juu hushiba kupita kiasi, maji yake yakachemka na kutoa gesi ya hidrojeni, ambayo cheche moja yatosha kuilipua. Baada ya miezi mwenye basi hununua betri mpya, moja tu, akaiweka na ile iliyochoka, na mchezo ukaanza upya. Waya wa katikati nao mara nyingi hauna fyuzi, kwa kuwa fyuzi za basi zimepangwa kwa mfumo wa volti 24 na kiungo cha katikati hakikukusudiwa kuwa na waya wowote.

Dawa zipo na mafundi wazuri wa Nairobi wanazifahamu: konveta inayoshusha volti 24 hadi 12, kifaa cha kusawazisha betri mbili, au amplifaya iliyotengenezwa kwa volti 24. Kila moja hugharimu fedha ambazo mwenye gari angependa ziende kwenye michoro. Konveta zenyewe zina ukomo. Ya ampea 30 haiwezi kulisha amplifaya inayotaka 90, na akiunga mtu mbili sambamba bila kuelewa, moja hubeba mzigo wote hadi inaungua.

Waya nao umebadilika, na si kwa uzuri. Maduka yamejaa vifurushi vya plastiki vyenye waya, fyuzi na vichwa vya kuunga, vilivyoandikwa wati za kutisha. Ndani ya ngozi nene inayopendeza macho mara nyingi hamna shaba tupu bali alumini iliyopakwa shaba. Mwenye kukwaruza unyuzi kwa kisu ataona fedha chini ya wekundu. Alumini hupitisha umeme kwa takriban asilimia 61 ya uwezo wa shaba. Waya wa shaba wa milimita za mraba 8, wenye urefu wa mita 5, ukibeba ampea 100 hupoteza volti 1.1 na kugeuza wati 110 kuwa joto chini ya zulia. Wa alumini wa unene uleule huzalisha karibu wati 180. Fyuzi iliyochaguliwa kwa jedwali la shaba haijui tofauti hiyo. Na fyuzi si kisu kinachokata papo hapo: ya bapa ya kawaida ikizidishiwa mzigo kwa asilimia 35 inaruhusiwa na viwango vyake kuchukua hadi dakika kumi kabla ya kukatika, na ikipewa asilimia 10 tu ya ziada inapaswa kudumu saa 100. Ndani ya muda huo waya dhaifu umekwisha kuamua hatima yake.

Lipo pia kosa ambalo hakuna fyuzi duniani inayoweza kulinasa: kiungo kilicholegea. Nyaya mbili zilizosokotwa na kufungwa tepu huanza zikiwa zimegusana vizuri. Mtikisiko wa barabara, jasho la injini na kutu huongeza ukinzani kidogo kidogo. Ukinzani wa omu 0.02, usiosomeka kwa mita ya bei nafuu, ukipitiwa na ampea 80 hutoa wati 128 mahali padogo kuliko ncha ya kidole. Chuma cha kulehemu risasi ambacho fundi hukitumia mezani kwake kina wati 60. Fyuzi ya ampea 100 haikatiki, kwa sababu ampea ni 80 tu. Tepu huyeyuka, na abiria wa kiti cha nyuma husema ananusa plastiki.

Dhidi ya hilo kuna ufundi wa mkono tu. Kichwa cha waya kibanwe kwa koleo lake maalumu, kisipigwe nyundo. Rangi ya bodi ikwaruzwe hadi chuma king'ae kabla ya nati ya waya mweusi kufungwa. Kiungo kiguswe kwa kiganja baada ya nusu saa ya muziki wa nguvu, na kikiwa cha moto kifunguliwe upya. Fundi mwenye kujali huiweka fyuzi mwisho kabisa, baada ya kila kitu kingine kufungwa, ili kazi yote ifanyike juu ya waya usio na umeme. Mteja hashuhudii lolote kati ya hayo, wala hakuna bei yake kwenye risiti.

Hesabu imeanza kupungua upande mmoja. Amplifaya za kisasa za daraja D, zilizoenea katika magari tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, hupoteza sehemu ndogo tu ya umeme. Zile wati 1,000 zilizohitaji ampea 145 sasa hupatikana kwa 90 hivi. Upande mwingine wati zenyewe zimeongezeka, na vijana wa bajaji wa Dar es Salaam wamezifungia spika nyuma ya kiti cha abiria, wakizilisha kwa betri ambayo mtu huibeba kwa mkono mmoja.

Tangu Machi 2022 Nairobi ina basi za umeme barabarani, zikiwamo za kampuni ya BasiGo. Ndani yake hakuna altaneta. Kuna betri kubwa ya volti mia kadhaa inayosukuma magurudumu, na konveta inayoshusha umeme huo ili taa na vifaa vingine vipate volti zao ndogo; ampea za konveta hiyo zimehesabiwa kiwandani, na muziki wowote wa ziada utakula katika fungu la taa na wipa. Nyaya za umeme mkubwa hazina rangi nyekundu. Ni za rangi ya machungwa, kama ilivyo desturi ya magari ya umeme duniani, na fundi aliyezoea kuambua waya kwa meno anapaswa kuijua rangi hiyo kabla ya kufungua kifuniko chochote.